Ukurasa Ulioniomba Nikuanzie

Kemilembe mwanangu,

Kuna jambo nimekuficha juu ya Kaisho unakokwenda kufundisha. Siku ile ulipotusomea barua ya mchungaji wa huko, ukafika pale anaposema kwamba lipo boma moja la wafugaji ambalo halijapeleka mtoto hata mmoja shuleni, nilikohoa nikaomba maji. Sikuwa na kiu. Boma lile nalijua, na mzee wake namjua. Anaitwa Kakuru. Ni ndugu yangu wa kuchanjiana, na tangu kabla hujazaliwa sijakanyaga kwake.

Wewe ulicheka. Ulisema, "Hao ndio nitakaoanza nao. Nitakaa mlangoni kwao mpaka wachoke kuniona." Mama yako naye akacheka. Mimi nikayanywa maji yale yote mpaka tone la mwisho, maana sikujua nifanye nini kingine na uso wangu.

Mmekwenda kuaga kwa shangazi yako, na najua hatawaachia kabla hamjala, kwa hiyo mchana huu wote ni wangu. Nimesogeza kiti mlangoni ili nipate mwanga. Miguu nimeiweka juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza. Tumbo limejaa kiasi kwamba meza iko mbali nami, naandikia juu ya kibao mapajani. Kesho asubuhi lori linalokwenda kuchukua kahawa litakufikisha Nkwenda, na kutoka hapo utapata watu wa kukusindikiza. Nina hofu, Kemilembe. Ninaiogopa njia, na mvua, na dereva yule anayeendesha huku akiimba. Lakini hizo ni hofu za kila baba, nazo zitaisha nikisikia umefika. Ninayotaka kukuambia ni ile itakayoanza ukishafika.

Ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kutokaa na watu wasiojulikana, mama yako ameshayasema, na kesho atayasema tena wewe ukiwa tayari umepanda lori. Sitayagusa.

Nianze na daftari lako. Ulirudi nalo kutoka dukani, bado linanuka gundi, ukaliweka mbele yangu pamoja na kalamu. "Taata," ukasema, "unianzie wewe ukurasa wa kwanza. Nataka niwe naandika kila siku kama wewe. Mtu anayeandika kila siku hawezi kujidanganya."

Nikakujibu, "Daftari ni lako. Liandike mwenyewe." Niliisikia sauti yangu ilivyotoka. Mama yako akaacha kumenya ndizi akanitazama. Ukalichukua daftari, ukalifuta jalada kwa kiganja kana kwamba nililichafua, ukaenda jikoni. Hujaniomba tena tangu siku hiyo. Karatasi hizi ndizo ukurasa ulioniomba. Nimezitenga na daftari lako kwa makusudi, ili ukitaka kuzichoma uzichome na daftari libaki zima.

Nilifundishwa kuandika kila siku nilipokuwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika. Misioni ilimpa kila mwalimu wa kijijini daftari na agizo: kila jioni andika uliyoyafanya, nani amekuja, nani amekosa, hali ya hewa, na jambo moja ulilojifunza. Mkaguzi wetu alikuwa mzee mwembamba aliyezunguka shule zote kwa miguu. Hakutoa taarifa. Unamwona tu ameinama mlangoni, anaketi, anasema, "Lete kitabu." Salamu ilifuata baadaye.

Mwanzoni niliandika kweli tupu. Niliandika hata siku niliyowaachia watoto mapema kwa sababu nilikuwa na njaa. Kisha nikapata homa, zikapita siku bila mstari. Nilipoinuka nikasikia mkaguzi yuko kilima cha pili. Nikaketi nikazijaza siku zote kwa mkupuo mmoja. Watoto wamekuja wengi. Tumeimba. Mvua kubwa imenyesha.

Alifika kesho yake. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Halafu akavua kiatu kimoja, akakikung'uta pale pale mbele ya watoto. Likatoka vumbi kama unga wa muhogo.

"Mwalimu," akasema, "mvua hii ilinyesha ndani ya nyumba yako tu?"

Watoto waliangua kicheko, nami nikacheka nao. Hakuniadhibu. Ningetamani angeniadhibu, kwa sababu somo nililolipata siku ile halikuwa kuacha kudanganya. Tangu hapo nilijifunza kuulizia hali ya hewa kwanza.

Kwa hiyo, mwanangu, siku uliyoikosa iache wazi. Acha karatasi nyeupe, ikuaibishe. Nimeona kwamba ukijaza siku moja ya uongo, ile ya kweli inayofuata huwezi kuiandika kwa mkono ule ule. Mkono umeshajua njia nyingine.

Kakuru hakuiona maana ya kazi hii. Tulichunga pamoja tangu utoto, mimi mtoto wa wakulima niliyetumwa kwa baba yake nipate maziwa, yeye mtoto wa wenye ng'ombe aliyekuwa hajui hata jembe linashikwaje. Tulipokuwa vijana, kabla sijabatizwa, wazee walitukalisha juu ya ngozi moja. Tukachanjwa chini ya kitovu. Wakapasua buni ya kahawa, nusu wakaipaka damu yangu wakampa yeye, nusu wakaipaka damu yake wakanipa mimi, tukala. Mzee aliyetuchanja akasema maneno yanayosemwa: mwenzako akikukimbilia mfiche, akikuambia siri izikwe tumboni mwako, na ukimsaliti tumbo hilo hilo livimbe. Misioni baadaye ilituambia mambo hayo tuyaache, nami nikafundisha darasani kwamba ni ya giza. Kovu sikuweza kulifundisha kitu.

Alipenda kuja jioni kunikuta nimeinamia daftari.

"Unafanya nini, Mwalimu?"

"Naandika ya leo."

"Ya leo si tumeyaona wote? Unamwandikia nani, kipofu?"

"Najiandikia mimi, nisisahau."

"Mimi ng'ombe wangu nawajua kwa sura, na mama zao, na bibi zao. Wewe wanafunzi wako huwajui mpaka uulize karatasi." Akacheka, akanipa kibuyu. "Kunywa, kisha andika: leo Kakuru alinipa maziwa. Maana kesho utakana."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Nimeandika maneno yake nikajikuta natabasamu, nikaogopa.

Sasa nikueleze kosa langu la kwanza kwake, ambalo ni la mtu aliyesoma. Jioni moja ng'ombe walikuwa wanaingia zizini, naye anawaita kwa rangi zao: bihogo yule wa wekundu uliokolea, mayenje yule wa madoadoa, na wengine. Mimi nimetoka darasani, kichwa kimejaa hesabu, nikauliza, "Wamefika wangapi sasa?" Akaniziba mdomo kwa kiganja chake, kwa nguvu mpaka jino likanikata mdomo.

"Usiniulize hivyo! Unataka wafe?"

Wewe umekulia nyumba ya kanisa, hukulelewa na hofu hiyo. Kwa wafugaji wetu ng'ombe hahesabiwi kwa kutajwa idadi. Unamwita, unamsifu, unajua nani hayupo kwa kukosa sura yake. Idadi ikitoka mdomoni inakwenda kuita kifo. Nikamwomba radhi. Lakini macho yangu yalikuwa ya mwalimu. Kila nilipokaa pale langoni yaliwahesabu kimyakimya, bila mimi kuyatuma, na idadi ikabaki kichwani.

Ndipo ikaja sotoka. Ng'ombe walianza kufa upande wa mtoni, macho yanatoka machozi, wanaharisha, siku chache wako chini. Serikali ikaweka karantini: ng'ombe yeyote asihamishwe, na kundi litakalokamatwa likihamishwa linauawa lote. Nikiangalia nyuma, sijui kama amri ile ilikuwa mbaya. Ugonjwa ulikuwa ugonjwa. Lakini ng'ombe wa Kakuru walikuwa wazima, na waliowazunguka wanakufa. Akawatoa usiku, akawapitisha katikati ya mafunjo, akawaficha kwenye bonde karibu na kwa wakwe zake, upande wa Kaisho. Mkewe alijua. Kijana wake wa kuchunga alijua. Na mimi nilijua, kwa sababu alinijia kabla ya kwenda akaniambia bonde lenyewe, akasema, "Nikifa huko, ndugu yangu ajue maziwa ya watoto wangu yako wapi."

Nikupe sasa habari kama inavyosimuliwa, kama anavyoijua mama yako na kama utakavyoisikia Kaisho. Inasimuliwa kwamba Mwalimu aliandika habari ya bonde lile katika kitabu chake cha kila siku, bila nia mbaya, kama alivyoandika kila kitu. Mkaguzi akaja, safari hiyo amefuatana na bwana mifugo. Kitabu kikasomwa kama desturi. Baada ya siku chache askari wakaenda moja kwa moja mpaka bondeni, wakijua hata idadi. Ng'ombe wote wakapigwa risasi, wazima, wakachomwa. Moshi ulionekana hadi ng'ambo.

Kakuru alikuwa na mtoto mchanga. Mkewe hakuwa na maziwa ya kutosha, na mtoto yule alikuwa akiishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja mpole. Hakuumaliza mwaka ule.

Kakuru alikuja kwangu baada ya msiba. Sikumtambua mara moja, kwa sababu alikuja bila fimbo, na mimi sikuwahi kumwona bila fimbo. Akakaa sakafuni, akakataa kigoda.

"Walijuaje?" akauliza.

Daftari lilikuwa mezani. Macho yangu yalikwenda pale, sijui kwa nini, na yeye akayafuata.

"Uliandika?"

Nikasema, "Niliandika."

"Na wao wakasoma?"

"Wakasoma."

Akavuta pumzi ndefu, na nikaona mabega yake yanashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi si wewe," akasema. "Nilijua si wewe. Wale askari walikuwa na hesabu. Nikamwambia mke wangu, mdomo wa mtu hauwezi kumtajia mgeni ng'ombe wa mwenzake kwa hesabu, hata awe adui. Karatasi ndiyo haina aibu. Karatasi imekula ng'ombe wangu." Akalitazama daftari lile kama mtu anavyomtazama nyoka aliyelala. Halafu akanishika mkono. Alinihurumia, Kemilembe. Alinihurumia mimi, kwa kuwa naishi na kitu kile nyumbani.

Akahamia Kaisho kwa wakwe zake. Wakampa jike mmoja, na kwa jike huyo akaanza tena. Akaapa kwamba hakuna mtoto wa damu yake atakayejifunza kuandika. Hiyo ndiyo sababu ya boma lile ulilolicheka. Hawana ukaidi. Wanafanya kama mtu anavyomzuia mtoto asichezee moto ulioshaunguza nyumba.

Na kuna jambo jingine. Unaikumbuka ile samli ya utotoni, iliyofungwa kwa jani la mgomba, uliyokuwa ukiilamba kwenye vidole mpaka mama yako anakuchapa? Mliniuliza inatoka wapi, nikasema kwa rafiki. Ilitoka kwa Kakuru. Kila alipopata mtu wa kumtuma alinitumia samli na salamu: mwambieni ndugu yangu ajihadhari na kitu kile. Miaka yote hiyo. Mimi nilipokea, nikatuma chumvi na nguo, na sikwenda. Nilipopandishwa kuwa mwalimu mkuu hapa Ihembe alituma mara mbili.

Umenisifu mara nyingi kwa kuandika kila siku. Ulipokuwa mdogo uliwaambia wenzako, "Taata hawezi kusema uongo, ameandika yote." Nikulipie sifa hiyo kwa ukweli wake. Baada ya siku zile niliendelea kuandika bila kukosa hata jioni moja, na hakuna mahali popote katika madaftari yale utakapolikuta jina la Kakuru. Kuna mvua. Kuna mahudhurio. Kuna ndizi zilizoanguka kwa upepo na kuzaliwa kwako na ukarabati wa paa. Kila jioni nilikaa na kalamu nikiandika haraka, nikisogeza maneno kwenye karatasi kama mtu anayerundika mawe mlangoni ili mgeni aliye nje asiingie. Watu waliniona ni mtu wa nidhamu. Nilikuwa mtu mwenye woga.

Hii ndiyo sababu nilikujibu vile. Nilipoona daftari lako sikuona daftari. Niliona jioni zangu zote zinahamia kwako.

Nilipooa tulizaa watoto wawili kabla yako, unajua makaburi yao. Waliozika walisema surua. Daktari alisema surua. Mimi peke yangu katika mazishi yale nilikuwa na jina jingine, na sikuweza kumwambia mama yako aliyekuwa amelala juu ya udongo. Ulipozaliwa wewe sikuthubutu kukupenda mpaka ulipoanza kukimbia. Huenda hujui jambo hilo. Huenda ulilijua.

Sasa tumbo langu limevimba. Daktari wa misioni amenieleza ni moyo, umechoka kusukuma maji, na nimeisoma sura hiyo katika kitabu chake mwenyewe, namwamini. Lakini mama yako akiniogesha nafumba macho ili nisilione kovu lilivyovutika. Mimi niliyewafundisha watoto wa vilima hivi kwamba mambo hayo ni ya giza, nimelala humo gizani usiku kucha. Ninaogopa kufa. Ninaogopa kukaa hivi hivi. Zaidi ninaogopa yule mzee atakapokuuliza kwa upole, kama anavyouliza mambo yote, "Mwalimu, wewe ni binti wa nani?" na wewe, kwa kiburi changu ulichorithi, umtajie jina langu, naye anyanyuke akukumbatie.

Maana atakukumbatia. Atakuita mwanawe, na kwa desturi yetu ndivyo ulivyo. Watakupa maziwa. Nimejaribu kukuzuia usifike hapo: ni mimi niliyekuambia uombe kupangiwa Bukoba, nikasingizia baridi ya Kaisho. Nilikuwa tayari kukufunga miguu kwa uongo mwingine. Mama yako akaniambia, "Mwache mtoto aende, wewe tangu lini unaogopa baridi?"

Sikutumi kwa Kakuru. Sikuagizi umwambie wala usimwambie. Mzigo huu si wako, na kama miguu hii ingenifikisha hata hapo barabarani ningepanda lori mwenyewe. Lakini sitaki ukae mlangoni kwa mtu yule, umwambie wajukuu wake waje kujifunza kuandika, huku hujui anaogopa nini na ni nani aliyemtia hofu hiyo.

Kuhusu daftari, anza. Nilikosea kukukatalia. Anza kesho hiyo hiyo, hata kama umechoka na taa ni ya kuazima, hata mstari mmoja. Mimi niliharibu kazi hii kwa kumwandikia mkaguzi, na hata alipokufa mkaguzi niliendelea kumwandikia. Alikaa kichwani mwangu akisema lete kitabu. Wewe usimwandikie mtu. Usiniandikie mimi pia. Andika kabla ya kusali, kwa sababu mimi nilisali kwanza, nikajiona nimeshasamehewa, na kalamu ikawa haina kazi. Ukiona mkono wako unakimbilia mvua na mahudhurio, simama, jiulize ni kitu gani hicho unachokipita pembeni. Kiandike hicho, hata kwa maneno mawili, hata vibaya. Kitu nilichokikwepa jioni ya kwanza kilikuwa kidogo, ningeweza kukiandika kwa mstari mmoja. Jioni ya pili kilikuwa kimekua. Baadaye sikuweza tena hata kuketi upande ule wa meza.

Na mtu mwingine akikuambia siri yake, usiiandike. Andika tu kwamba umeaminiwa.

Nasikia sauti zenu kule chini kwenye migomba, shangazi yako anawasindikiza, anacheka kwa nguvu kama kawaida yake. Mama yako atauliza naandika nini. Juzi aliniambia, "Mwalimu, wino utakwisha kabla yako." Nitamwambia namwandikia Kemilembe ya safari. Yeye pia nitamweleza, ukishaondoka. Nimekupa wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye unayekwenda.

Barua hii nitakutia mkononi mwenyewe kesho, mbele ya watu, ili nisipate nafasi ya kuirudisha mfukoni. Isome kabla hujafika Kaisho. Ukiona huwezi tena kuniita Taata, nitaelewa, ila mama yako mwandikie.

Naweka jina hapa, maana najua nikishaandika yanayobaki sitaweza kushika kalamu kusaini. Mimi ni baba yako, Mwalimu wa Ihembe, niliyekupenda kwa hofu.

Siku ile mkaguzi hakuuliza kitabu. Alikuwa amechoka, alivua viatu akasinzia kwenye kiti. Daftari langu lilikuwa ndani ya sanduku, na hata lingesomwa, halikuwa na neno lolote juu ya Kakuru, kwa sababu siri yake sikuwahi kuiandika. Bwana mifugo alikuwa amesimama nje, kwenye kivuli cha nyumba, anakunywa maji. Hakunitisha. Hakuniahidi kitu. Nilikuwa nimesikia tu kwamba shule ya Ihembe inatafuta mkuu, na kwamba wakubwa hawa wawili wataulizwa nani anafaa. Nilitoka nikamsogelea, nikamtajia bonde, nikamtajia idadi, kwa mdomo wangu, kabla hajaniuliza neno.